Jinsi ya kucheza uwanja wa gofu uliojaa miti bila kumaliza mipira yako yote

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila siku. Nitumie draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, au nisitumie? Mpira umeingia kwenye miti, nifanyeje? Naruhusiwa kuvunja katawi kanakonizuia? Mpira umekwama juu ya mti, sasa? Nimeona bora niweke kila kitu sehemu moja ili mtu akiuliza tena asome hapa. Namwandikia mtu ambaye tayari anajua kushika fimbo na mpira wake unaenda mbele, ila akifika kwenye uwanja ambao fewei (njia ya nyasi fupi) ni nyembamba na miti imejipanga kulia na kushoto kutoka tii (pale pa kuanzia) mpaka grini (nyasi laini zenye kishimo na bendera), alama zinapaa, yaani mikwaju inakuwa mingi. Kama hujawahi kupiga mpira kabisa, anzia uwanja wa mazoezi kwanza, utarudi huku baadaye.

Kabla hatujaanza hebu piga hesabu hii. Shimo la pari 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, mkwaju wa kwanza umeingia kwenye miti. Wa pili unautoa tu pembeni mpaka fewei, wa tatu unafika grini, unasukuma mara mbili mpaka shimoni, jumla 5. Hiyo ni bogi, mkwaju mmoja juu ya pari, na kwa anayeanza bogi ni alama nzuri sana, wala usiione ndogo. Sasa mwenzako aliyeingia sehemu ile ile anaona kauwazi kati ya mashina mawili, anapiga kwa nguvu zote, mpira unagonga shina unarudi, anajaribu tena unaingia ndani zaidi, wa nne ndo unatoka, wa tano unafika grini, anasukuma mara mbili, 7. Mlianzia pamoja na mmeachana mikwaju miwili, na hiyo miwili yote imetoka kwenye ule mkwaju wa kulipiza kosa. Mwongozo huu wote unazunguka hapo: kwenye miti, mkwaju wa kulipiza ndo unaoua raundi.

Vitu vya kuwa navyo

Mipira ya kutosha, mi nasema isipungue 6, na isiwe ya bei kubwa kwa sababu mingine utaiacha huko huko. Kila mpira uwe na alama yako ya kalamu ya wino usiofutika, nukta mbili au herufi, chochote. Hili watu wanalipuuza mno. Chini ya miti utakuta mipira ya watu wengine waliopita kabla yako, tena ya kampuni ile ile na namba ile ile, na kama huwezi kusema kwa uhakika kwamba huu ndo wangu basi kwa sheria mpira wako unahesabika umepotea hata kama umesimama juu yake.

Fimbo: sheria inakuruhusu kubeba zisizozidi 14 lakini anayeanza hazihitaji zote. Unachohitaji kweli ni fimbo moja ya kuanzia inayokwenda moja kwa moja (kwa wengi ni haibridi au wudi 3, fimbo fupi kuliko draiva, kwa wengine aini 5), aini 5 mpaka 7 za kupigia mikwaju ya chini (aini ni zile za kichwa chembamba cha chuma, namba ikipanda mpira nao unapanda zaidi), weji moja ya kupandisha mpira juu, na fimbo ya kusukumia.

Kadi ya alama, na uisome nyuma. Kule nyuma ndo kuna sheria za uwanja wenyewe: kama miti michanga iliyofungwa kwenye vigingi unapewa nafuu bure, yaani kusogeza mpira bila adhabu, kama mizizi iliyojitokeza ina nafuu, vigingi vyeupe vya mipaka viko upande gani. Ukisoma kabla ya tii ya kwanza unaokoa mabishano mengi huko mbele.

Na kitu cha mwisho ni mazoezi kidogo ya mkwaju wa chini, nitaueleza hatua ya 8. Usiende kuujaribu kwa mara ya kwanza ukiwa umeinama chini ya tawi. Piga mipira 20 hivi ya namna hiyo siku moja kabla, inatosha kuanzia.

Hatua kwa hatua

1. Angalia shimo kabla hujatoa fimbo kwenye begi. Simama nyuma ya tii, tazama mambo matatu. Fewei ni pana zaidi wapi, maana mara nyingi haina upana mmoja, kuna sehemu inajibana na sehemu inafunguka. Upande gani ni mbaya zaidi: upande mmoja unaweza kuwa na miti iliyoachana na chini pako safi, upande wa pili kuna kichaka au vigingi vyeupe ambavyo ni nje ya mipaka. Halafu upepo. Katikati ya miti husikii upepo kabisa, unadhani umetulia, kumbe mpira ukipanda juu ya vilele unakutana nao. Kwa hiyo usirushe tu nyasi pale ulipo ukaridhika, angalia vilele vya miti vinainama upande gani na bendera kama unaiona.

2. Chagua fimbo kwa upana wa fewei, sio kwa urefu wa shimo. Hapa ndo wengi wanakosea mapema, wanaona pari 4 ndefu wanashika draiva bila kufikiria. Draiva ina uso uliosimama zaidi kwa hiyo kosa dogo la uso kuelekea pembeni linaupinda mpira sana, wakati fimbo yenye uso uliolala zaidi inaupandisha mpira na kuupinda kidogo. Jiulize hivi: nikipiga fimbo hii mipira 10, mingapi itabaki kwenye nyasi? Kama jibu ni chini ya 7 chukua fimbo fupi zaidi. Utapoteza mita 20 au 30, sawa, lakini mkwaju wa pili utaupiga kutoka kwenye nyasi huku unaiona grini.

Simaanishi draiva ifungwe begini siku nzima. Shimo likiwa wazi, piga. Na kuna mashimo ambayo ukipiga kifupi unajiziba mwenyewe, nitayagusa hatua ya 10.

3. Tumia upande sahihi wa tii. Hii ni bure kabisa na wengi hawaitumii. Unaruhusiwa kuweka mpira popote kati ya alama mbili za tii, na kurudi nyuma mpaka urefu wa fimbo mbili. Kama unatumia mkono wa kulia na mpira wako una tabia ya kukata kwenda kulia, ile slaisi, weka tii upande wa kulia kabisa wa eneo, lenga upande wa kushoto wa fewei, mpira utakuwa na fewei nzima ya kukatia. Kama wako unapinda kushoto fanya kinyume chake. Unayetumia kushoto geuza yote. Ukisimama upande usio wako mpira unaanza safari ukiwa tayari unaelekea kwenye matawi.

Onyo: usiijaribu dawa ya slaisi uliyoiona jana usiku kwenye shimo lenye miti. Cheza na mpinde ulio nao leo.

4. Lenga kitu kidogo, halafu ufuate mpira kwa macho mpaka usimame. "Katikati ya fewei" sio shabaha. Chagua kitu: shina fulani la mbali, doa jeusi kwenye nyasi, kona ya banka (lile shimo la mchanga). Usichague mti unaouogopa ukasema nisiende pale, chagua unapotaka kwenda.

Mpira ukipotea pembeni usigeuke kwa hasira wala usirushe fimbo, kwa sababu sekunde zile tatu za mwisho ndo zinakuambia mpira uko wapi. Kariri mti wenyewe: "umeingia kushoto ya ule wenye shina mbili, nimesikia umegonga." Waambie na wenzako wakuangalizie, na kama unaelekea kwa watu piga kelele ya "foo!" mara moja bila aibu. Miti inaficha watu wa shimo la jirani na wao hawakuoni.

5. Piga mpira wa akiba kabla ya kuondoka kwenye tii. Kama kuna wasiwasi kwamba mpira umepotea au umetoka nje ya mipaka, sema wazi kwa wenzako: "napiga mpira wa akiba." Lazima useme. Ukipiga kimya kimya ule wa pili unakuwa ndo mpira wako rasmi na adhabu juu, hata ule wa kwanza ukionekana dakika moja baadaye umelala vizuri kabisa.

Hesabu yake iko hivi: mkwaju wa kwanza, adhabu ya mkwaju mmoja, kwa hiyo ule wa akiba ni mkwaju wa tatu. Ukiukuta wa kwanza ndani ya muda na uko ndani ya uwanja unauchezea huo huo hata kama uko pabaya, na wa akiba unauokota. Ukipotea, unaendelea na wa akiba. Usipoupiga utajikuta unarudi tii kwa miguu huku kikundi cha nyuma kimesimama kinakutazama.

Kuna viwanja vimeweka sheria yao kwenye kadi kwamba mpira ukipotea unaweza kudondosha mwingine kwenye fewei, usawa wa pale ulipopotelea na usiwe karibu zaidi na shimo, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ni nzuri sana kwa raundi za kirafiki kwa sababu haichelewi. Ila iwe imeandikwa, usiibuni, na ukishapiga mpira wa akiba nafasi hiyo huna tena.

6. Tafuta kwa dakika 3, basi. Zamani ilikuwa 5 na utakutana na wazee wanaong'ang'ania 5, lakini tangu 2019 ni 3, zinaanza unapoanza kutafuta. Gawaneni, kila mtu achukue mti wake, na anzeni nyuma ya pale mnapofikiria, kwa sababu mpira uliogonga shina hurudi nyuma au huenda pembeni, ni nadra kuendelea mbele. Majani makavu yafunue kwa fimbo sio kwa mkono, huwezi kujua kuna nini chini yake. Ukiugusa mpira wako kwa bahati mbaya wakati wa kutafuta hakuna adhabu, urudishe ulipokuwa.

Ukiukuta umefukiwa huoni alama yako, unaruhusiwa kuuinua uutambue lakini weka alama ya sehemu kwanza. Ukiuinua bila kuweka alama ni mkwaju wa adhabu.

7. Umeupata. Usiguse kitu bado. Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu kwenye miti watu wanajipa adhabu bila kujua.

Vitu vilivyolegea unaweza kuondoa: majani yaliyoanguka, vijiti, mawe, koni za misonobari. Vilivyoota au vilivyoshikana na mti huwezi. Kuvunja tawi, kulipinda ukalishikilia, kulikanyaga lisirudi, yote ni mikwaju miwili ya adhabu, na ukivunja tawi linalokuzuia wakati unajizoezesha mzunguko wa fimbo nayo unaweza kuingia humo humo, kwa hiyo jaribio la kwanza lifanye polepole sana mpaka ujue fimbo inagusa wapi. Unachoruhusiwa ni kusimama kwa namna ya kawaida, hata kama mgongo wako unasukuma tawi nyuma ili upate pa kusimama. Ingia kinyumenyume taratibu, usipigane nalo.

Sasa yale majani makavu. Mpira ukiwa umelala juu ya majani au sindano za misonobari, mara nyingi haujagusa ardhi kabisa, umeshikiliwa na majani mawili matatu yaliyopishana. Inama uangalie kutoka upande, sio kutoka juu. Utaona jani moja limeingia chini ya mpira na ncha yake imetokeza huku kwako. Hilo liache. Ukilivuta mpira utasogea, na ukisogea ni adhabu ya mkwaju mmoja na unaurudisha. Ondoa tu yale ya mbali yasiyoshikana na mpira, moja moja, anzia nje kuja ndani, na ukiona mpira umetikisika acha hapo hapo. Halafu ukisimama kupiga usiegemeze fimbo kwenye majani nyuma ya mpira, ining'inize juu kidogo, ukiibonyeza pale mpira unaweza kuteleza.

Angalia na mizizi. Mzizi unaweza kuwa sentimita mbili chini ya majani, huuoni, na ukipiga kwa nguvu fimbo inagonga kitu kigumu na mkono wako ndo unalipa. Sijaona mkwaju wenye thamani ya kifundo cha mkono. Gusa eneo la mbali kidogo na mpira kwa mguu uone mizizi imeelekea wapi, na kama huna uhakika nenda hatua ya 9.

8. Toka kwa mkwaju wa chini. Kwanza njia. Simama nyuma ya mpira uzungushe kichwa uangalie pande zote, ndio, hata nyuma na pembeni. Tafuta dirisha kubwa kuliko yote linalokupeleka kwenye nyasi fupi, hata kama linaelekea pembeni kabisa au nyuma kidogo. Wachezaji wana msemo kwamba sehemu kubwa ya mti ni hewa tupu. Usiuamini. Katawi kamoja kabichi kanatosha kuuangusha mpira miguuni pako.

Najua umewaona wachezaji wakubwa. Phil Mickelson mwaka 2010 kwenye mashindano ya Masters pale uwanja wa Augusta National, shimo la 13, alipitisha aini 6 katikati ya misonobari miwili mpaka karibu na bendera, na Bubba Watson mwaka 2012 hapo hapo kwenye mchujo wa kuamua mshindi, shimo la 10, aliupinda mpira kwa weji kutoka mitini mpaka grini akachukua taji. Ni mikwaju mitamu kutazama na mimi naipenda sana. Lakini wale wamepiga mipira tangu utotoni na walikuwa wanacheza kombe. Wewe unatafuta bogi.

Ukishapata dirisha, fanya hivi:

Chukua aini 5, 6 au 7. Tawi likiwa chini sana nenda na 5 au hata 4, likiwa juu kidogo 7 inatosha. Weji usiiguse, inaupandisha mpira moja kwa moja kwenye matawi.

Shika fimbo chini kidogo ya mwisho wa mpini. Simama mpira ukiwa nyuma kidogo ya katikati ya miguu yako, yaani karibu zaidi na mguu wa nyuma, ila usiupeleke mpaka kwenye kidole cha mwisho kwa sababu fimbo itachimba. Uzito uweke mguu wa mbele na uubakize huko huko mkwaju mzima. Mikono itangulie mbele ya mpira kidogo.

Rudisha fimbo mpaka usawa wa kiuno, usizidishe. Piga mpira kwanza, ardhi baadaye. Malizia chini, mikono ikiishia usawa wa kiuno na ncha ya fimbo ikionyesha unakoelekea. Ukimalizia juu begani mpira nao utapanda.

Na usiupige kwa nguvu, tafadhali. Nguvu inaongeza mzunguko wa nyuma na mzunguko ndo unaoinua mpira juu. Mkwaju wa taratibu unabaki chini wenyewe.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye hatua hii: mpira wa chini unakimbia mno ukishatua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu anatoka vizuri kabisa kwenye miti ya kushoto, mpira unavuka fewei yote na kuingia miti ya kulia, anaanza upya. Kabla ya kupiga angalia fewei ina upana gani mbele ya dirisha lako, na uone kama ardhi inateremka. Kama ni mita 25 tu basi huo ni mkwaju mdogo, wa kugusa.

Unatafuta njia ya kupima mpira utapanda kiasi gani? Sogea pembeni mbali na mpira wako, laza fimbo chini uso ukitazama juu, ukanyage ule uso ulale bapa kwenye ardhi, mpini utainuka na kukuonyesha pembe. Mpira wenyewe huanza chini zaidi ya mstari huo. Kwa hiyo kama mpini unaelekea chini ya tawi mwanzo wa safari uko salama, lakini kama unataka kuvuka juu ya mti na mpini unagusa kilele, usijaribu.

9. Ukiona haupigiki, kubali adhabu ya mkwaju mmoja. Wewe mwenyewe ndo unaamua mpira haupigiki, huhitaji ruhusa ya mtu, na unaweza kuamua hivyo popote isipokuwa ndani ya eneo la adhabu, lile lenye vigingi vyekundu au vya njano. Una chaguo tatu. Kurudi ulipopigia mara ya mwisho. Au kurudi nyuma kwenye mstari ulionyooka kutoka shimoni kupitia pale mpira ulipo, umbali wowote unaotaka. Au kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipo, usisogelee shimo. Fimbo ya kupimia ni ile ndefu kuliko zote begini ukiacha ya kusukumia, kwa draiva ya kawaida fimbo mbili ni kama mita 2.3. Unadondosha kutoka usawa wa goti.

Pima kwanza kabla ya kuuinua mpira. Mita 2.3 inaweza kukutoa kwenye shina, ikakuweka nyuma ya shina jingine. Ule mstari wa kurudi nyuma unasahaulika sana na kwenye miti ndo mara nyingi unakufikisha kwenye nyasi wazi.

10. Mashimo yenye kona. Usikate kona kwa kupita juu ya miti, sio sasa. Tafuta umbali mpaka kwenye kona, iko kwenye kadi au kibao, au muulize kedi anayekubebea fimbo, na uchague fimbo inayofika pale pale. Kifupi sana miti ya kona inakuziba grini, kirefu sana unapitiliza unaingia miti ya ng'ambo. Lenga upande wa nje wa kona, ni mbali kidogo lakini unaiona grini yote. Kama kufika kona kunahitaji draiva yako bora kabisa, hesabu shimo hilo kama la mikwaju mitatu kufika grini na ucheze fimbo mbili rahisi.

11. Karibu na grini. Matawi yakining'inia njiani usirushe mpira juu, uburuze kwa aini 7 au 8 kwa mzunguko ule ule wa kusukumia, utue mapema na ukimbie. Kwenye pari 3 zilizozungukwa na miti lenga katikati ya grini tu, upepo mle unazunguka na bendera inaweza kupepea upande tofauti na vilele. Nyasi za kivulini huwa chache na zenye unyevu kwa muda mrefu asubuhi, mpira unakimbia kidogo kuliko ulivyozoea. Majani kwenye grini ondoa kwa raha zako, mpira ukisogea hapo hakuna adhabu, unaurudisha tu.

Shida zinazojirudia na la kufanya

*Mpira umekwama juu ya mti.* Ukiutambua kwa uhakika kwamba ni wako, hata kwa kutumia kamera ya simu kuuvuta karibu uone alama, unatangaza haupigiki na unapima fimbo mbili kutoka pale chini moja kwa moja ya ulipo. Usipoutambua umepotea. Kabla ya kutikisa mti uangushe, sema kwanza kwamba unautikisa ili uutambue au unautangaza haupigiki, ukiutikisa bila kusema na ukaanguka umeusogeza mpira wako na hiyo ni adhabu. Kuupanda mti achana nako.

*Shina liko upande ninaosimamia, siwezi kupiga kwa mkono wangu.* Geuza fimbo, ncha ya kichwa chake itazame chini, au tumia mgongo wake, upige kwa mkono wa pili. Inaruhusiwa mradi upige kwa kichwa cha fimbo, sio kusukuma au kukokota. Jaribu mara mbili tatu hewani na ulenge mita 10 tu. Usipojiamini chukua adhabu.

*Mkwaju wangu wa chini unapanda juu.* Karibu kila mara ni nguvu nyingi au uzito umerudi mguu wa nyuma. Shika fimbo ndefu zaidi kwa namba moja na upunguze mzunguko nusu.

*Napiga ardhi kwanza.* Mpira umeuweka mbele mno, au umenyanyua kichwa kutazama dirisha. Tazama majani pale mpira ulipokuwa mpaka usikie sauti.

*Mpira umeingia kwenye shimo la mnyama chini ya mti.* Hiyo ni nafuu bure kama kinachokuzuia ni hilo shimo. Lakini kama hata bila shimo usingeweza kupiga kwa sababu ya shina au mzizi, nafuu hiyo huipati.

*Mpira uko karibu na shina, mbele yangu.* Usipige kuelekea shina lililo hatua chache mbele. Tangu 2019 mpira ukikurudia kwa bahati mbaya ukakugonga hakuna adhabu, ila mpira una uzito wa karibu gramu 46 na unaweza kurudi kwa kasi kubwa usoni. Toka kwa pembeni, na wenzako wasimame nyuma yako mbali, sio kando ya miti.

*Naingia kwenye miti kila shimo.* Shimo linalofuata piga tii kwa aini 7. Kweli, aini 7, hata kwenye pari 5. Cheza mashimo matatu hivyo, mwili utulie, halafu rudi kwenye haibridi.

*Ngurumo zimeanza.* Acha kucheza saa hiyo hiyo, sheria inakuruhusu kusimama kwa sababu ya radi bila kungoja kuambiwa. Weka alama mpira, usijikinge chini ya mti hata mvua ikiwa kubwa, nenda kwenye jengo au ndani ya gari lililofungwa.